Muulize Fundi: Printa ya juzi, programu ya enzi za DOS

Mwezi huu nimeyaweka kando maswali ya simu zinazojaa. Zimekuja barua za watu ambao programu zao ni za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, na printa zao zimetoka dukani juzi, na karibu wote wamekwama pale pale. Anayetumia DOS hadi leo asione haya. Kama hesabu zinatoka sawa, mimi sina sababu ya kumfukuza humo. Nimeanza na barua ya Mbale kwa kuwa ndiyo yenye mambo mengi.

Notepad inachapa, programu haichapi

*Fundi, salamu kutoka Mbale. Nanunua kahawa ya wakulima wadogo, Arabika ya huku mlimani. Tangu wakati wa marehemu baba, stoo yetu inatumia programu ya skrini nyeusi iliyoandikwa kwa Clipper na kijana ambaye baadaye alihamia ng'ambo. Inachukua jina la mkulima, kilo na bei, halafu inatoa risiti: nakala nyeupe ya mkulima, ya njano inabaki kwetu. Printa yetu ya zamani, ile ya kelele, imekufa kichwa. Nimenunua Kampala leza mpya ya USB. Kompyuta ina Windows 7. Nikiandika barua kwenye Notepad inachapa vizuri. Nikirudi kwenye programu naambiwa printa haiko tayari. Fundi wa hapa mjini anataka ninunue kebo ya kutoka USB kwenda paraleli. Ninunue? — Mwenye stoo, Mbale*

Mama, pesa ya kebo iache mkobani. Kebo hiyo ina kazi yake na nitaieleza kwa msomaji wa mwisho, ila kwako haina la kufanya.

Programu yako haijawahi kusikia habari za USB. Clipper, lugha ya kuandikia programu, ni ya miaka ya 1980, USB ilitoka mwaka 1996. Wakati ule printa ilikuwa na makao yake yanayojulikana, ile poti pana ya pini 25 nyuma ya kompyuta, na DOS huiita LPT1. Programu ikitaka kuchapa inamimina herufi kwenye LPT1, moja baada ya nyingine, imemaliza. Haimuulizi Windows kitu, wala haitafuti draiva. Notepad haifanyi hivyo. Inamkabidhi Windows ukurasa, Windows anaita draiva, na draiva ndiye anayeijua printa yako. Kwa hiyo Notepad kuchapa kunathibitisha tu kwamba printa ni nzima na waya ni mzima. Kuhusu programu yako hakusemi lolote.

Una vizingiti viwili, na mafundi wengi hukiona kimoja. Cha kwanza ni njia. Herufi zinakwenda LPT1, printa inakaa USB, na hakuna mtu aliyeziunganisha. Hili ni rahisi. Nenda kwenye sifa za printa, upande wa kushea, uishee kwa jina fupi lisilo na nafasi, tuseme KAHAWA. Kisha fungua dirisha jeusi la amri na uandike:

NET USE LPT1 \\%COMPUTERNAME%\KAHAWA /PERSISTENT:YES

Kuanzia hapo kila kinachotupwa LPT1 Windows anakipeleka kwenye printa hiyo, hata baada ya kuzima na kuwasha. Kama kompyuta bado ina poti halisi ya paraleli, amri inaweza kugoma. Izime poti hiyo kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, au kama programu inakubali, tumia LPT2. Na kama kompyuta haijaunganishwa na mtandao wowote, amri inaweza kukataa kwa sababu hiyo pia, na dawa yake ni ile kadi ya mtandao ya bandia iitwayo Loopback Adapter, imo ndani ya Windows yenyewe. Haya yote yanakufaa kwa sababu Windows 7 yako ni ya biti 32. Nimejuaje? Isingekuwa hivyo, programu yako isingefunguka kabisa, kama utakavyosoma kwa mwalimu wa Arua hapa chini.

Sasa jaribu. Katika dirisha lile lile andika ECHO HABARI > LPT1 na ubonyeze Enter. Halafu andika ECHO, acha nafasi, bonyeza Ctrl na L kwa pamoja, malizia na > LPT1. Hiyo ya pili inaiambia printa itoe karatasi. Ikitoka karatasi yenye neno HABARI, umemaliza. Naogopa haitatoka, au itatoka takataka, na hapo ndipo tunafika kwenye kizingiti cha pili, yaani lugha.

Printa yako iliyokufa ilikuwa inajua kusoma. Ukiipa A inapiga A. Ukiipa msimbo 15 inabana herufi ili safu nyingi zienee kwenye mstari, 18 inazirudisha, na 27 ikifuatwa na 64 inasahau kila kitu na kuanza upya. Hiyo ni lugha ya Epson, ESC/P, na printa nyingi za pini za makampuni mengine ziliiga. HP nao walileta LaserJet ya kwanza mwaka 1984 na lugha yao, PCL. Leza nyingi za bei nafuu hazina hii wala ile. Zinangoja kompyuta ichore ukurasa mzima kama picha, kisha zenyewe ziweke tona pale zilipoambiwa. HP LaserJet 1020 ni ya namna hiyo, P1102 vilevile, na Canon LBP2900 pia. Si printa mbaya. Pale Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, mwendesha mashine hakubali umsomee maneno kwa mdomo, anataka pleti iliyokwisha tengenezwa, na leza yako iko hivyo hivyo. NET USE inazipitisha herufi zilivyo bila kumgusa draiva, kwa hiyo printa inapokea maneno isiyoyaelewa na inayatupa. Kebo yoyote utakayoongeza itayafikisha maneno yale yale.

Tiba ya lugha iko ya aina mbili. Moja ni kumweka mkalimani katikati. Kuna programu ndogo kama DOSPRN na Printfil ambazo hukaa zikivizia LPT1, zikakusanya maandishi ya DOS, zikaelewa misimbo ya Epson, halafu zikamwomba Windows auchore ukurasa kwa draiva ya kawaida. Kwa njia hiyo printa yoyote inayochapa kutoka Notepad itachapa kutoka Clipper. Zinauzwa, lakini unaruhusiwa kuzijaribu kwanza. Tiba nyingine ni kununua printa inayojua lugha yenyewe.

Na hapa Mama kuna jambo hukuliuliza. Leza haigusi karatasi kwa nguvu. Risiti yako ni ya nakala mbili, nyeupe na njano, na ile ya njano huandikwa kwa sababu pini zinaigonga nyeupe. Hata tukishinda vizingiti vyote viwili, leza itakupa nyeupe tupu. Utaniambia utachapa mara mbili. Unaweza, lakini karatasi mbili zilizochapwa mbalimbali si sawa na karatasi moja iliyopigwa pigo moja. Mkulima aliyetembea na gunia kutoka mlimani anajua kwamba alichonacho mkononi ndicho kilichobaki stoo, kwa sababu ameziona zikitoka pamoja na ukazichana mbele yake. Kesho kukiwa na ubishi wa kilo tano, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako na wake. Mimi nisingeiondoa kwa ajili ya printa ya kimya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba leza uitoe kwenye mizani. Iweke ofisini kwa taarifa za mwisho wa msimu na barua za benki, ukitumia mkalimani niliyemtaja. Mezani kwa mizani rudisha printa ya pini. Epson LX-350 ina pini 9, safu 80, na nyuma yake kuna USB, paraleli na ile poti ya zamani ya serial, zote tatu. Inajua ESC/P tangu kuzaliwa. Ukiiunganisha kwa USB, ukaiwekea draiva ya Windows iitwayo Generic / Text Only, ukaishea na kutoa amri ile ya NET USE, programu ya kijana yule haitajua kwamba kuna kilichobadilika.

Kabla hujaitupa ya zamani, itazame utepe. Nimeletewa printa nyingi zilizotangazwa kufa kichwa, kumbe utepe umekauka na kuchanika. Kama kuna mstari mweupe mwembamba unaopita katikati ya kila herufi, hapo kweli pini imekatika, na kichwa hubadilishwa, printa haitupwi. Na mafaili ya DBF ya programu, ndiyo yenye hesabu zako, yanakili kwenye flashi leo hii, kabla fundi yeyote hajagusa mashine. Nikiwemo mimi.

ÄÄÄÄ kwenye ripoti za wanafunzi

*Shikamoo Fundi. Nafundisha Arua. Programu yetu ya matokeo ya mitihani ni ya DOS. Shule imepata kompyuta yenye Windows 11 na programu imekataa kufunguka. Mwanafunzi mmoja akatuwekea DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, ikafunguka, ila haichapi. Tukaielekeza iandike kwenye faili badala ya printa, tukalifungua faili kwa Notepad. Mistari ya jedwali imegeuka ÄÄÄÄ na ³³³. Mwalimu mkuu anauliza kama ni virusi. — Mwalimu wa mitihani, Arua*

Marahaba, Mwalimu. Mpe mwalimu mkuu pole, virusi hakuna.

Windows za biti 32 zilikuwa na chumba cha ndani kiitwacho NTVDM, na humo ndimo programu za DOS zilikuwa zikiishi. Windows za biti 64 hazina chumba hicho, na Windows 11 inatolewa kwa biti 64 tu. Huyo mwanafunzi alifanya la busara. Ila DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, na anayecheza hachapi, kwa hiyo waandishi wake hawakuweka printa. Tafuta ndugu yake, DOSBox-X, ambaye ndani yake mna printa ya Epson ya bandia. Kwenye faili lake la mipangilio hakikisha kuna mistari hii:

[parallel]
parallel1=printer
[printer]
printer=true
printoutput=printer
width=83
height=117
timeout=3000

Hizo 83 na 117 ni upana na urefu wa A4 kwa sehemu za kumi za inchi; usipoziandika itadhani unatumia karatasi ya Kimarekani. Timeout ni kwa milisekunde: programu ikinyamaza kwa muda huo, ukurasa unasukumwa nje wenyewe. Ndani ya programu yenu ya matokeo chagua printa ya Epson, na usijali printa halisi ni ya kampuni gani, kwa sababu mwisho wa yote Windows ndiye anayechora. Kama hutaki kushughulika na mipangilio, jaribu vDos, ambayo ilitengenezwa makusudi kwa programu za kazi za ofisini na inachapa bila maneno mengi.

Kuhusu zile Ä: kompyuta haihifadhi mstari, inahifadhi namba. Katika DOS namba 196 ni kistari cha kulala na 179 ni cha kusimama. Windows ana orodha yake, na humo 196 ni Ä na 179 ni ³ ndogo. Faili ni zima kabisa, limesomwa kwa orodha isiyo yake. Ikibidi mchape kutoka kwenye faili leo kwa sababu wazazi wanakuja kesho, msitumie Notepad. Lifungueni kwa LibreOffice, mchague aina ya faili inayokuruhusu kutaja usimbaji, yaani ile orodha ya namba na herufi, na hapo mchague ule wa DOS wenye namba 437. Kisha fonti iwe Courier New, kwa sababu herufi zake zina upana mmoja. Kwa fonti nyingine safu ya hisabati itateleza hadi chini ya sayansi, na kuna mtoto atapongezwa kwa alama zisizo zake.

Karatasi haitoki mpaka nifunge programu

*Fundi, mimi nauza vipuri vya magari hapa Busia. Ankara zangu zinatoka kwenye programu ya DOS, Windows ya biti 32, printa ni HP ya leza iliyotumika, inajua PCL. Nilifuata NET USE na inachapa. Shida ni mbili. Nikichapa, karatasi haitoki mpaka nifunge programu, wakati mwingine hata hapo taa inawaka tu mpaka nibonyeze kitufe. Na ripoti ndefu inaangusha mistari sita kwenye ukurasa wa pili. — Kaka wa vipuri, Busia*

Kaka, hiyo ya kwanza nayo ni mbili ndani ya moja. Windows hapeleki kazi kwenye printa mpaka aamini programu imemaliza, na programu nyingi za DOS haziagi. Mwambie mtu anayeijua rejista ya Windows aangalie LPT_timeout chini ya Control\WOW. Ni sekunde ambazo Windows husubiri kimya kabla ya kusema basi. Apunguze. Taa inayowaka ni jambo jingine: leza hushika ukurasa mpaka ujae au mpaka ipate msimbo 12 wa kutoa karatasi. Programu yako ilizoea karatasi ya mfululizo yenye matundu pembeni, ambayo haihitaji kutolewa, inasogezwa tu. Kama programu ina mahali pa kuandika misimbo ya mwisho wa kazi, weka 12 hapo.

Mistari sita imenifurahisha, kwa sababu inaniambia printa yako imewekwaje bila mimi kuiona. Karatasi ya mfululizo ina urefu wa inchi 11 na inchi moja ina mistari 6, ndiyo 66 programu yako inayoihesabu. Leza ya PCL huacha nusu inchi juu na nusu inchi chini. Ikiwa imewekwa karatasi ya Letter ya Marekani inabaki mistari 60, na sita zinaanguka. Ingekuwa imewekwa A4 ungebaki na 64, na zingeanguka mbili. Kwa hiyo mtu aliyekuwa nayo kabla yako hakuigusa. Ingia kwenye menyu ya printa, weka A4, kisha tafuta upande wa PCL palipoandikwa idadi ya mistari kwa ukurasa na uweke 66. Itaibana mistari kidogo sana, mteja hataona.

Ila kama duka limesajiliwa kwa VAT, kumbuka ankara ambayo URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, inaitambua ni ile ya EFRIS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, tangu Januari 2021. Ya DOS itumie kwa hesabu zako za stoo.

Hiyo kebo, basi, ni ya nani?

*Fundi, nina printa ya pini ya zamani yenye paraleli tu, bado nzima. Kijana wangu amenunua laptopu isiyo na poti hiyo. Kuna kebo ya USB yenye mwisho wa paraleli. Inafaa? Na je, naweza kuigeuza, niunganishe printa ya USB kwenye kompyuta yangu kuukuu ya DOS? — Afande mstaafu, Bombo*

Afande, swali la kwanza ndiyo. Kebo hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya hali yako: kompyuta mpya, printa ya zamani. Ukiichomeka, Windows huunda poti iitwayo USB001. Unapoweka draiva ya printa chagua poti hiyo, usichague LPT1, maana kebo haileti LPT1 hata kama muuzaji ameapa. Programu ya DOS ikihusika utarudi kwenye NET USE niliyoieleza kwa Mama wa Mbale.

Kuigeuza haiwezekani. Printa ya USB inangoja kompyuta iiongoze, na DOS haijui kuongoza USB, wala kebo haina akili ya kufanya hivyo kwa niaba yake. Kuna visanduku vyenye kompyuta ndogo ndani vinavyojifanya printa ya Epson upande mmoja na kuchapa kwa USB au mtandao upande wa pili, lakini kwa risiti chache za nyumbani sioni kama vinakufaa wakati printa yako ya pini ni nzima. Iache hapo ilipo, kwenye kompyuta ya DOS, na kijana aunganishe laptopu yake anapohitaji.

Kabla hamjakwenda kununua kebo, igeuze printa mtazame mgongo wake. Tundu la kawaida ni lile la pini 36 lenye vibanio viwili vya waya pembeni, na kebo nyingi za USB zinalingana nalo moja kwa moja. Nyingine zina mwisho wa pini 25, na hizo huchomekwa kwenye kebo ya zamani ya printa, kwa hiyo hakikisheni ile ya zamani haijatupwa.